Kuweka Nafasi na Kuwekewa Nafasi: Uchunguzi wa Sajili ya Maandalizi ya Kongamano la Mashabiki

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimujamii katika vyuo vyetu huzoeshwa mapema kuichambua sajili ya mahakamani, ya hospitalini, ya kidini na ya uwanja wa kandanda. Sajili hizo zimefundishwa kwa muda mrefu hata wanafunzi wa shule za upili huzitaja sifa zake kwa ghibu. Ipo hata hivyo sajili moja ambayo kila mmoja wetu huitumia anapokusudia kusafiri, na ambayo haijapewa mazingatio yanayostahili. Hii ni sajili ya kupanga safari mapema: lugha ya kuomba nafasi, kulipia, kuthibitisha, kuahirisha na kudai kurejeshewa fedha. Makala haya yanaichunguza sajili hiyo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni maandalizi ya kuhudhuria Comic-Con, kongamano la mashabiki ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Julai mjini San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini tuende mbali hivyo ilhali mabasi ya Mombasa yapo. Sababu ni kwamba safari ya basi haitoi data ya kutosha. Abiria hufika dirishani, hutaja siku, hulipa na hukabidhiwa tiketi yenye namba ya kiti. Kuomba, kulipa na kuthibitishiwa hutukia kwa dakika tano mbele ya karani mmoja, kwa hiyo kitenzi kimoja kinatosha kubeba yote. Katika safari ya San Diego hatua hizo zimeachana kwa miezi kadhaa, na kila moja imo mikononi mwa mtu tofauti: waandalizi wa kongamano, wakala wa vyumba, shirika la ndege na ubalozi. Hapo kitenzi kimoja hakitoshi tena, na anayekitumia kana kwamba kinatosha hulipia kosa hilo kwa fedha taslimu.

Kitenzi chenyewe tunakijua. Katika mazungumzo ya kila siku humu nchini husemwa "nimebuku". Gari hubukuliwa, ukumbi hubukuliwa, hata kinyozi hubukuliwa. Hatuna ugomvi na neno la mkopo kwa kuwa ni la mkopo. Meza na kalamu pia zilikuja zikakaa. Ugomvi wetu ni kwamba neno hili linafunika tofauti ambazo Kiswahili tayari kinazionyesha kwa uwazi, hasa kupitia kauli za vitenzi. Anayesema "tumebuku" hajatuambia kama fedha zimetoka, wala kama kuna mtu upande wa pili aliyekubali kuwajibika.

Shabiki na kongamano lake

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa kwanza. Neno "shabiki" katika matumizi ya Kiswahili limefungamana na kandanda na siasa, na mara nyingi "ushabiki" hutumiwa kumlaumu mtu asiyepima mambo. Katika makala haya shabiki ni mpenzi wa dhati wa kazi fulani ya ubunifu: hadithi za picha, riwaya za sayansi-bunilizi, filamu, katuni za Kijapani au michezo ya kompyuta. Shabiki wa namna hii hupima mno. Aghalabu ndiye mhakiki mkali zaidi wa kazi anayoipenda, jambo ambalo wanafunzi wa fasihi wanaweza kulielewa bila kuelezwa.

Kuhusu mkusanyiko wenyewe, "tamasha" linaelekea kwenye ngoma na burudani, na "mkutano" unaelekea kwenye ajenda na kumbukumbu. Tumechagua "kongamano" kwa sababu shughuli kubwa ya mikusanyiko hii ni mazungumzo: waandishi, wachoraji na waigizaji huketi mbele ya hadhira na kuulizwa maswali. Hapa Nairobi wapo wanaohudhuria NAICCON, na huko pia mazungumzo ya wachoraji na wasomaji wao yana nafasi yake kando ya mavazi ya wahusika na mashindano ya michezo.

Kongamano la San Diego lilianza mwaka wa 1970, na historia yake fupi ina funzo la kupanga mapema ndani yake. Shel Dorf na wenzake, wengi wao vijana, hawakurukia kongamano kubwa. Tarehe 21 Machi mwaka huo waliandaa mkusanyiko wa siku moja katika hoteli ya U.S. Grant uliohudhuriwa na watu kama 100. Lengo lilikuwa kuchangisha fedha na kupima kama kweli wapenzi wapo. Walipoona wapo, waliandaa kongamano la siku tatu, tarehe 1 hadi 3 Agosti, nalo likapata takribani watu 300. Miongoni mwa wageni walikuwamo mwandishi Ray Bradbury na mchoraji Jack Kirby. Siku hizi wahudhuriaji hupita 130,000, na tangu 1991 shughuli hufanyika katika Jumba la Makongamano la San Diego. Ukumbi ulio kando ya bandari hauwezi kutanuka kama mashabiki wanavyoongezeka. Kutokana na uhaba huo ndipo taratibu zote tutakazozieleza zilipozaliwa.

Beji: kuomba, kununua na kununuliana

Kwa mujibu wa taratibu za Comic-Con, beji haziuzwi mlangoni. Anayetaka kuhudhuria sharti afungue akaunti ya mwanachama kwenye intaneti kabla ya tarehe inayotangazwa, na akaunti hiyo ni ya bure. Akaunti si beji. Inampa tu haki ya kujaribu kununua. Hapa tayari tuna tofauti ya kwanza: mtu "amejisajili" bila "kusajiliwa". Kiambishi cha kujirejelea -ji- kinaonyesha kwamba tendo limeanzia kwake na limerudi kwake. Hakuna mwingine aliyejifunga kwa lolote.

Siku ya mauzo ikifika, wanaotaka beji huingia katika chumba cha kusubiria, ambacho nacho ni cha kimtandao. Mauzo yanapofunguliwa kompyuta huwapanga kwa bahati nasibu. Aliyeingia mapema kabla ya kufunguliwa hana faida yoyote juu ya aliyeingia dakika ya mwisho. Jambo hili huwatatiza wengi wetu tuliolelewa katika adabu ya foleni, ambamo anayetangulia ndiye anayehudumiwa mwanzo. Neno "foleni" kwa hiyo halifai kueleza utaratibu huu, na mfasiri anayeliandika atampotosha msomaji wake aamke alfajiri bure. "Kura" ingefaa zaidi.

Atakayefikiwa na zamu huruhusiwa kujinunulia beji yake na kuwanunulia wenzake wawili, mradi awe na namba zao za uanachama. Kutokana na hilo mashabiki huunda vikundi na kuahidiana kwamba yeyote atakayefikiwa kwanza atawanunulia wengine. Kwa Kiswahili hili ni neno moja tu: kununuliana. Mzizi -nunu-, kauli ya kutendea, kisha kauli ya kutendana. Ahadi nzima ya kikundi imo humo. Ni mara chache mfasiri hupata bahati ya namna hii, na inapompata anapaswa kuitumia badala ya kuandika sentensi ya mistari mitatu.

Wanaorejea, yaani waliohudhuria kongamano lililotangulia, hutengewa mauzo yao kabla ya yale ya watu wote. Beji hununuliwa kwa siku: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kuna na jioni ya utangulizi siku ya Jumatano, ambayo hupatikana tu kwa anayepata siku zote nne. Beji huandikwa jina la mwenyewe na haihamishiki. Msamiati wa Pwani wa "kuuziana" tiketi mlangoni hauna mahali pake hapa.

Ni vyema kuulinganisha utaratibu huu na ule wa Worldcon, kongamano la kimataifa la sayansi-bunilizi lililoanza New York mwaka wa 1939. Huko mtu hanunui tiketi bali uanachama. Mwanachama hupendekeza na kupigia kura tuzo za Hugo, na wanachama ndio wanaochagua mji utakaopokea kongamano, kwa kawaida miaka miwili kabla. Mmoja ni mteja na mwingine ni mwanachama. Anayefasiri fomu za makongamano haya mawili kwa neno moja la "kulipia kiingilio" atakuwa amempokonya yule wa pili kura yake.

Kuingia si kuketi

Kosa linalowaumiza wageni wengi wa San Diego ni kudhani kwamba mwenye beji ana kiti. Ukumbi mkubwa zaidi wa mazungumzo, unaoitwa Hall H, una viti kama 6,500. Tukiwagawanya wahudhuriaji 130,000 kwa viti hivyo, tunapata kiti kimoja kwa kila watu 20. Zaidi ya hayo, ukumbi hauondolewi watu kati ya kikao kimoja na kingine: aliyeingia asubuhi anaweza kukaa hadi jioni. Ndiyo maana watu hulala nje usiku kucha wakingoja, na tangu 2014 waandalizi hugawa vitambaa vya mkononi ili kuthibitisha nani alikuwa amefika. Hapa sasa ndipo foleni ya kweli ilipo.

Kiswahili hutofautisha kwa urahisi "nafasi ya kuingia" na "kiti". Tatizo ni kwamba neno "nafasi" peke yake lina maana pana mno: upenyo, fursa, wasaa, cheo, mahali. Tuseme katibu wa chama cha wanafunzi anawaandikia wenzake: "Nafasi 14 zimewekwa." Je, ni viti 14 garini, vitanda 14 bwenini au majina 14 katika orodha ya wanaongojea? Na zimewekwa na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na taarifa ya safari isiyomtaja mtenda ni ya kutiliwa shaka. Katika uandishi wa kitaaluma tunaisifu kauli hii kwa kuleta umbali. Katika sajili tunayoichunguza umbali huo ni hatari.

Linganisha sentensi hizi mbili: "Nimeweka nafasi" na "Nimewekewa nafasi." Ya kwanza inaeleza tendo langu mimi. Nimejaza fomu, nimepiga simu, pengine nimeandika barua. Ya pili inadai kwamba yupo mwingine aliyetenda kwa ajili yangu, na kwa hiyo yupo wa kuulizwa. Mofimu -e- ya kutendea ikifuatwa na -w- ya kutendwa imegeuza nia kuwa mkataba. Vivyo hivyo "nimethibitisha" na "nimethibitishiwa". Hoteli inapomwandikia mgeni "tafadhali thibitisha", inamtaka yeye aseme kwamba bado anakuja. Inapomwandikia "umethibitishiwa chumba", imejifunga. Nimeona barua za mialiko ya makongamano yetu wenyewe zikichanganya haya mawili katika aya moja. Mpokeaji huachwa akikisia kama ana kitanda au hana.

Chumba na arubuni

Vyumba vya kongamano hutolewa kupitia wakala aliyeteuliwa na waandalizi, kwa bei iliyopunguzwa. Mhudhuriaji hujaza orodha ya hoteli azipendazo kwa mpangilio, kisha hungoja kuarifiwa amepangiwa ipi. Mara nyingi si ile ya kwanza. Anayepangiwa ya mbali hupata mabasi ya bure ya kongamano yanayozunguka katika hoteli nyingi, kwa hiyo umbali si msiba. Msiba ni kuchelewa kulipa kile kinachotakiwa mwanzo.

Malipo haya ya mwanzo tumezoea kuyaita "dipoziti". Kiswahili cha Pwani kina neno "arubuni", lenye asili ya Kiarabu, yaani fedha anazotanguliza mnunuzi kuonyesha kwamba nia yake ni ya kweli. Mafakihi wa Kiislamu wamejadiliana kwa karne nyingi juu ya uhalali wa muuzaji kuichukua arubuni iwapo mnunuzi ataghairi. Mjadala huo ndio ule ule anaokutana nao shabiki katika maandishi madogo ya fomu ya hoteli: baada ya tarehe fulani fedha hazirudi. Arubuni isichanganywe na amana, ambayo ni mali iliyowekwa kwa mtu ihifadhiwe na irudishwe. Fomu inayoliita "amana" lile ambalo halitarudishwa inamrubuni msomaji, na wala si kwamba tunacheza na sauti za maneno. Tofauti hii ndiyo inayoamua kesi.

Usiku wa Ijumaa ni upi?

Tumefika penye utata mkubwa zaidi, na unatokana na Kiswahili chenyewe. Hoteli hukodishwa kwa usiku, si kwa siku. Kongamano la siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, pamoja na jioni ya Jumatano, halihitaji malazi ya "siku nne". Anayefika Jumanne alasiri na kuondoka Jumatatu asubuhi atalala mara sita. Aliyeandika "nitakaa siku nne" kwa kufuata ratiba ya vikao atajikuta nje na sanduku lake wakati vikao vinaendelea, katika wiki ambayo mji mzima hauna chumba.

Lakini usiku wenyewe tunauhesabu vipi? Kwa hesabu ya Waswahili wa Pwani siku mpya huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Lamu ni ule unaofuata machweo ya Alhamisi, na ndio maana vyombo vya habari hupenda kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa" ili kuepuka mzozo. Kwa mwanafunzi wa bara, ambaye hesabu yake ya siku imefuata kalenda ya ofisini, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Wote wawili wanazungumza Kiswahili fasaha. Wakiagizana chumba, mmoja atafika siku moja kabla ya mwenzake.

Utata huu huwa mbaya zaidi penye ndege. Chukua ndege inayoondoka Nairobi saa sita na nusu usiku, tarehe 15. Kwa saa za kimataifa ni dakika thelathini baada ya tarehe 15 kuanza. Msafiri anayesoma "tarehe 15 usiku" na kwenda uwanjani jioni ya tarehe 15 ataikuta ndege imekwisha kuondoka karibu siku nzima. Kwa ajabu, ni mzee wa Lamu atakayesalimika hapa, kwa sababu hesabu yake inauweka usiku huo kabla ya mchana wa tarehe 15, sawa kabisa na tiketi. Kenya Airways ilipoanzisha safari za moja kwa moja baina ya Nairobi na New York mwezi wa Oktoba 2018, anayekwenda California alipunguziwa mbadilisho mmoja wa ndege. Hakupunguziwa wajibu wa kusoma tarehe kwa makini.

Kisha kuna saa. Saa ya Kiswahili na saa ya kimataifa zinapishana kwa sita, hilo tumelijua tangu chekechea. Kwa shabiki aliyeko Nairobi anayengoja mauzo ya beji, mapishano huwa mawili. Tuseme mauzo yanafunguliwa saa 9.00 asubuhi kwa majira ya San Diego. Kwanza aisome hiyo kuwa saa tatu asubuhi. Pili aongeze tofauti ya majira, ambayo haikai mahali pamoja. Kati ya Machi na mwanzo wa Novemba, California ikiwa imesogeza saa zake mbele, Nairobi imeitangulia kwa saa 10, kwa hiyo mauzo yatafunguliwa saa moja usiku wetu. Baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa 11, nayo yatafunguliwa saa mbili usiku. Kenya haisogezi saa zake, na kwa sababu hiyo Mkenya husahau kwamba wengine husogeza. Kuchelewa kwa saa nzima katika kura ya namna hii ni sawa na kutofika. Tunapendekeza taarifa yoyote ya Kiswahili inayohusu majira ya mbali iandike saa kwa maneno pamoja na kipindi cha siku, kama vile "saa mbili usiku, saa za Nairobi", na isitegemee tarakimu peke yake.

Viza, na masharti ya -ki- na -nge-

Mkenya anayekwenda Marekani huhitaji viza, na viza hutanguliwa na mahojiano katika ubalozi ulioko Gigiri. Serikali ya Marekani huwashauri waombaji wasikamilishe mipango ya safari, wala wasinunue tiketi zisizorejesheka, kabla ya kupewa viza. Beji nayo huuzwa miezi mingi kabla, na arubuni ya chumba haingoji ubalozi. Mambo haya matatu hayawezi kupangwa katika mstari ulionyooka. Msafiri hulazimika kutanguliza jambo moja akijua kwamba jingine linaweza kulibatilisha, na kuwa na beji hakumpi mtu haki ya viza.

Hali hii inatupa nafasi ya kuona kazi ya viambishi vya masharti. "Nikipata viza, nitanunua tiketi" ni mpango: mlango uko wazi. "Ningepata viza, ningenunua tiketi" ni mpango wa mtu ambaye amekwisha kukata tamaa nusu. "Ningalipata viza, ningalinunua tiketi" ni masimulizi ya hasara. Baadhi ya walimu wa sarufi hulalamika kwamba wasemaji wengi siku hizi hawatofautishi -nge- na -ngali-. Katika insha hasara yake ni alama moja. Katika barua kwa mfadhili wa safari hasara yake ni kwamba mfadhili hajui kama bado anaombwa au anaelezwa yaliyopita. Anayeandika barua hiyo na atumie -ki-, ataje tarehe ya mahojiano, na aeleze ni malipo yapi hayatarudi iwapo mambo yatakwenda kombo.

Kughairi, kuahirisha, kufuta

Mwezi wa Aprili 2020 waandalizi wa Comic-Con walitangaza kwamba kongamano la Julai halitafanyika, kwa sababu ya janga la korona. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia yake ya nusu karne. Badala yake vikao vilitolewa bure kwenye intaneti. Wenye beji walipewa hiari: warejeshewe fedha au beji zao zihamishiwe 2021. Mwaka wa 2021 kongamano la Julai nalo halikukutana ana kwa ana. Palikuwa na mkusanyiko mdogo tu mwezi wa Novemba. Beji zilisogezwa tena, na kongamano kamili likarejea Julai 2022.

Je, hapa kilichotokea ni nini kwa Kiswahili? Kuahirisha ni kusogeza mbele jambo ambalo bado lipo. Kufuta, au kufutilia mbali kama wasemavyo watangazaji wetu, ni kuliondoa jambo lisiwepo. Kughairi ni kubadili nia, na kwa hiyo humfaa mwenye nia: msafiri hughairi, hoteli haighairi. Kongamano la 2020 lilifutwa, lakini beji ya mtu aliyechagua kungoja iliahirishwa. Jambo moja limekufa na haki iliyotokana nalo ikaishi. Mwandishi wa habari aliyeandika kwamba "Comic-Con imeahirishwa" na yule aliyeandika kwamba "imefutwa" kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa jambo. Kwa shabiki aliyetaka fedha zake, upande aliousoma ulikuwa na uzito wake, kwani anayedhani jambo limeahirishwa hadai kurejeshewa.

Mazoezi

Wanafunzi wanaweza kuyafanyia kazi maswali yafuatayo katika vikao vya chama. Kwanza, andikeni upya taarifa hii ili msomaji ajue nani ametenda nini na nini bado: "Safari imebukuliwa, nafasi 14 zimewekwa, vyumba vya siku tatu vipo, dipoziti imetumwa." Pili, fasirini fomu yoyote ya kuweka chumba mliyo nayo, mkionyesha penye arubuni na penye amana, mkikuta fomu isiyobainisha, mwandikieni mwenye fomu kumwuliza. Tatu, waulizeni watu wawili, mmoja aliyelelewa Mombasa au Lamu na mwingine aliyelelewa Kakamega au Nyeri, "usiku wa Alhamisi" kwao huanza lini na huisha lini. Andikeni majibu yao kama walivyoyatoa, pamoja na umri wao, na myalete yalinganishwe.